Usiku wa Kipupwe, Jiko Libaki Nje

Kamwene ndugu zangu wa Njombe na Iringa, mugonile wa Tukuyu, na wazee wote mlioketi karibu na redio saa hizi, shikamooni. Vuteni viti. Kama mtoto anatambaa chini, mpakate kwanza. Sakafu ya saruji mwezi huu si ya kuchezea.

Jioni hii tuzungumze baridi. Mtu wa Makete haambiwi baridi ni nini, anaijua kwa ngozi. Tumo katika Kipupwe, majira ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huyahesabu kuanzia Juni hadi Agosti. Asubuhi hizi ukipita bondeni kwenye shamba la viazi unakuta umande umeganda juu ya majani, ukiyagusa yanakatika. Jua likipanda, majani yale yale yamekuwa meusi kana kwamba mtu kayamwagia maji ya moto. Hiyo ndiyo baridi inayokusubiri nje ya mlango alfajiri. Na ndani ya mlango je? Hilo ndilo swali langu kwako. Nyumba yako inalalaje?

Nauliza kwa sababu Kipupwe kina habari zake, na sote tumezisikia. Watu wamelala na jiko la mkaa ndani. Kumekucha, mlango umegongwa, hakuna aliyeitika. Tunalia, tunazika, tunarudi shambani, na baridi ya mwaka mwingine inapoingia jiko linaingizwa tena chumbani. Mimi sitaki kuisikia habari hiyo mwaka huu. Ndiyo maana jioni hii nina maneno mawili tu, na nitayarudia mpaka uyazoee. La kwanza: joto la nyumba hutunzwa. La pili: jiko la mkaa halilali chumba kimoja na mtu.

Tuanze na la kwanza. Chukua blanketi, lile zito kabisa, lifunike juu ya kiti kisichokaliwa na mtu. Liache saa nzima. Kisha ingiza mkono chini yake. Je, kuna joto? Hakuna. Kiti ni cha baridi vilevile. Sasa jifunike wewe. Baada ya muda kidogo pamekuwa pazuri. Joto limetoka wapi? Limetoka kwako. Mwili wako ndio moto wenyewe, na blanketi kazi yake ni kuuzuia usikimbie.

Nyumba nayo ni vivyo hivyo. Mchana kutwa inapokea joto. Jua linapiga ukuta, jikoni panapikwa, watu wanaingia na kutoka. Jioni joto lote lile linatafuta pa kutokea. Nyumba ikilishika, mtalala vizuri. Ikiliachia, usiku wa manane mtaanza kuulizana jiko liko wapi.

Lakini ngoja. Labda kuna kijana hapo nyumbani anauliza: mbona huku kwetu ni baridi namna hii, na Dar es Salaam watu wanalala na feni? Swali zuri. Sisi tunaishi juu. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kule Kitulo, kwenye ile bustani ya maua, ni juu zaidi, mita 2,600 hivi. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi sita au zaidi kidogo. Piga hesabu mwenyewe. Halafu mwezi Juni jua limehamia kaskazini, limetuacha sisi wa kusini. Na kuna jambo la tatu, hili ulishike vizuri: mawingu. Usiku wenye mawingu si mkali sana, umeona? Lakini usiku ule wa nyota tele, mbingu safi, ndio unaoua viazi. Mawingu ni blanketi la dunia. Yasipokuwepo, joto la ardhi linapanda moja kwa moja angani na halirudi. Kwa hiyo ukitoka nje jioni ukaona nyota zinameta, jua kwamba usiku huo nyumba inahitaji kufunikwa.

Nataka nikupeleke kwenye nyumba ya bibi yangu. Ilikuwa ya matofali mabichi, ukuta mnene kiasi kwamba mimi nikiwa mtoto nilikuwa naketi dirishani na kukunja miguu yote miwili ndani ya unene wa ukuta. Paa lilikuwa la nyasi. Chini ya paa kulikuwa na dari ya mianzi, na juu ya dari mahindi ya chakula na ya mbegu. Moto wa kuni ulikuwa katikati, mafiga matatu. Moshi ulipanda, ukapita kwenye mahindi, ukapenya kwenye nyasi, ukatoka. Ukisimama uani asubuhi uliona paa zima linafuka taratibu, kama ng'ombe anavyofuka mgongo baada ya mvua.

Ile nyumba ilikuwa inapumua. Sisemi turudi kule. Bibi alikuwa na macho mekundu na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka alipofariki, na kikohozi kile kilitokana na moshi ule ule. Lakini angalia alivyokuwa amejenga. Ukuta mnene unakunywa jua mchana, usiku unalirudisha kidogo kidogo. Nyasi zina hewa iliyotulia katikati yake, na hewa iliyotulia ndiyo blanketi bora kuliko yote. Hata sweta lako linakupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kwenye nyuzi zake.

Sisi tukajenga upya. Tukaweka bati, saruji, vioo, mlango wa mbao unaofunga barabara. Ni maendeleo, na nayafurahia, mvua haitunyeshei tena. Ila bati ni jembamba, na joto halina kazi ya kulipita. Jua likizama, bati linapoa kabla hata hujamaliza kula. Ndipo tunaposikia baridi, na tunapokumbuka moto. Hapo ndipo kosa lilipo, mpenzi msikilizaji. Tulibadili nyumba, hatukubadili mazoea. Moto ule wa bibi tumeuingiza kwenye nyumba isiyopumua.

Nisikilize sasa, kwa sababu hili sikulisoma mahali.

Nilikuwa mwanafunzi Mbeya, tumepanga chumba mimi na mwenzangu mmoja. Chumba kizuri, kina silingi bodi, kina dirisha dogo ambalo tulikuwa tumeliziba kwa nailoni kwa ajili ya upepo. Mwezi wa saba, wiki ya mitihani. Tulipika maharage nje barazani. Tulipomaliza, makaa yalikuwa yameiva, mekundu, hayana moshi hata chembe. Tukaambizana, moshi umekwisha, sasa hayana madhara. Tukaingiza jiko, tukaliweka katikati ya vitanda viwili, tukafunga mlango. Nakumbuka jinsi chumba kilivyokuwa kizuri. Nakumbuka mwenzangu akisema, leo ndiyo nitalala.

Usiku nikaamka nataka kwenda haja ndogo. Kichwa kilikuwa kinauma kama kimefungwa kamba. Nikasimama, miguu haikunitii. Nikajiona naanguka na sikuweza hata kunyoosha mkono. Nikaangukia ndoo na sufuria za kwenye pembe, na kelele zile ndizo zilizotuokoa. Mama mwenye nyumba aliamka akaja kugonga, na mlango kwa bahati ulikuwa na komeo dogo. Alipoona kimya aliusukuma kwa bega ukafunguka. Akatuburuta mmoja mmoja mpaka barazani. Nakumbuka saruji ya ile baraza ilivyokuwa baridi kwenye shavu langu. Ndiyo baridi pekee niliyoishukuru maishani. Mwenzangu alipelekwa hospitali akawekewa hewa ya oksijeni, akafungua macho karibu saa sita mchana.

Ilikuwa nini? Mkaa unapoungua mahali penye hewa haba hutoa hewa yenye sumu, wataalamu huiita monoksidi ya kaboni. Haina harufu. Haina rangi. Haikereketi koo wala haikutoi machozi. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kukaa palepale ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na inang'ang'ania hapo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili unakosa hewa huku unaendelea kuvuta pumzi. Kwanza kichwa kinauma. Kisha kizunguzungu, kichefuchefu, viungo kulegea. Na usingizi. Usingizi mtamu, ndio ubaya wake, kwa sababu aliyelala haamki kujiuliza mbona kichwa kinamuuma.

Kwa hiyo tuyaondoe mambo matatu tunayoambizana. Kuna wanaosema, mkaa ukishaiva na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Si kweli. Mimi ni shahidi. Moshi ni kitu kingine na sumu hii ni kitu kingine. Kuna wanaosema, weka beseni la maji chumbani, maji yatainyonya. Si kweli, hewa hii haishikwi na maji. Beseni litakaa pale usiku kucha na halitakusaidia kitu. Kuna wanaosema, makaa yakifunikwa majivu yamekufa. Hayajakufa. Yanaungua polepole chini kwa chini, na kuungua kwa polepole kwa hewa ndogo ndiko kunakozidisha sumu.

Je, nikiacha dirisha wazi kidogo? Mpenzi msikilizaji, dirisha lililo wazi kidogo saa mbili usiku, mtu mwenye baridi atalifunga saa sita. Usiuache uhai wa wanao juu ya dirisha. Nirudie: jiko la mkaa halilali chumba kimoja na mtu. Wala halilali chumba cha pili mlango ukiwa wazi. Libaki nje, mahali ambapo upepo wala mtoto hawatalipindua.

Na ukimkuta mtu ameshapatwa? Fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, usikae ndani kumwamsha. Kisha hospitali, hata kama ameamka na anasema yuko sawa. Waambie waganga kwamba kulikuwa na mkaa ndani, wasije wakadhani ni malaria.

Haya. Nimekunyima jiko. Sasa nikupe nini badala yake? Turudi kwenye neno letu la kwanza, kutunza.

Tuanze na jua, maana ni la bure. Nilisema Juni jua limehamia kaskazini. Simama uani kwako saa sita mchana, uangalie kivuli chako. Utaona kimelala kuelekea kusini. Maana yake nini? Maana yake dirisha lako linalotazama kaskazini ndilo linalopata jua kutwa mwezi huu. Sogeza pazia, fungua, acha jua liingie mpaka kitandani. Kama una chumba upande huo, wazee na watoto walale huko majira haya. Na kama unajenga sasa hivi, bado uko kwenye msingi, mwambie fundi wako mapema: madirisha makubwa yawe kaskazini, upande wa kusini yawe madogo, kwa sababu kusini ndiko upepo wa kusi unakotokea na jua halifiki.

Godoro na mablanketi, yaanike. Nasema kila siku yenye jua. Mwili wa mtu usiku unatoa unyevu, godoro linaunywa, na godoro lenye unyevu halipati joto hata ulale na mablanketi matatu. Mama yangu alikuwa anayatoa mablanketi saa nne asubuhi anayatandaza juu ya ua, na saa tisa, kabla jua halijalegea, anayakunja yangali na joto na kuyarundika kitandani moja juu ya jingine. Tukija kulala saa mbili usiku, ukiingiza mkono katikati ya rundo unalikuta jua bado limo. Hapo hakuna mkaa uliotumika. Na nguo mbichi usizianike chumba cha kulala. Unyevu ule ule ndio unaoufanya ukuta utoe jasho na mtoto akohoe.

Ikifika saa kumi jioni, funga. Wengi wetu tunafunga madirisha giza likiingia, na wakati huo joto limeshaondoka. Funga jua likiwa bado linaonekana. Shusha mapazia, na yawe mazito. Hata kitenge kikuukuu kilichoshonwa mara mbili kinafaa kuliko kitambaa cha wavu. Kama madirisha yako ni yale ya vioo vya luva, unajua hayafungi sawasawa, upepo unapiga mluzi kati ya kioo na kioo. Hayo ndiyo ya kufunikwa kwanza.

Kisha angalia chini ya mlango. Jioni hii hii, washa taa ndani, toka nje, inama. Ukiona mwanga chini ya mlango, ujue baridi inapita hapo. Dawa yake: chukua mguu wa suruali mbovu, ujaze mchanga au maranda, funga pande zote mbili, ulaze kizingitini. Bibi alikuwa na wake, ameushona kwa gunia, na kila usiku baada ya kupiga komeo alikuwa anausukuma kwa mguu mpaka ushike vizuri. Hakulala kabla ya hapo.

Halafu juu. Joto hupanda, hilo kila mtu anajua, na nyumba ya bati isiyo na dari ni sawa na chungu kisicho na mfuniko. Ukiwa na uwezo, weka silingi bodi au jipsamu, ukianza na chumba cha kulala peke yake. Si lazima nyumba nzima kwa siku moja. Usipokuwa na uwezo, viroba vilivyooshwa, vikashonwa pamoja na kukazwa chini ya kenchi, vitaiweka hewa iliyotulia kati yake na bati. Ila nakuomba, penye dari ya viroba kibatari kisiwepo kabisa, na mshumaa usiwashwe.

Na neno la tahadhari hapa. Matundu ya hewa yaliyo juu ukutani usiyazibe. Nyumba yenye watu inahitaji pumzi, na jikoni penye moto panahitaji zaidi.

Wenye umeme mnauliza kuhusu hita. Inafaa, gharama ni yako. Ichomeke moja kwa moja ukutani, isipitie waya wa kuunganisha wenye vitu vinne, isiwe karibu na chandarua, na izimwe kabla ya kulala.

Chakula sitakaa sana, hapo nyinyi ni walimu. Uji wa ulezi, viazi, maharage, chai ya tangawizi. Ila pikeni na mle mapema, tumbo lenye chakula linausaidia mwili kutoa joto.

Na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi. Najua vilabu vyake. Ninaloliomba ni hili: usinywe ukidhani unajikinga na baridi. Kilevi kinaleta damu juu ya ngozi, unajisikia moto usoni na mikononi, kumbe joto la ndani ndilo linalotoka. Mtu aliyelewa akalala njiani usiku wa Julai yuko hatarini kuliko asiyekunywa kabisa.

Sasa wale wawili ambao hawawezi kujisemea. Mtoto mchanga kwanza. Mwogeshe mchana, saa saba, siyo jioni. Mvike kofia, kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake na joto linatokea hapo. Akizaliwa njiti au akiwa na uzito mdogo, mbebe kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo zako, kama wauguzi wanavyofundisha. Baba naye anaweza kumbeba, kifua chake kina joto lile lile. Ukimgusa tumbo ukalikuta la baridi, ananyonya kwa shida na amelegea, usingoje asubuhi.

Na mzee. Mzee mara nyingi hasikii baridi mpaka imemwingia sana, au anaisikia na hasemi, hataki kuwasumbua. Ndiye pia anayeachiwa jiko chumbani, kwa upendo kabisa, na mjukuu anayemwambia, bibi hili litakusaidia. Mpeni chupa ya maji ya moto badala yake. Maji yasiwe yanayochemka, kifuniko kikazwe, chupa izungushiwe kanga au soksi nene, iwekwe miguuni dakika kumi kabla hajapanda kitandani. Soksi mguuni, kofia kichwani, mkeka chini ya godoro kama analala chini. Na mtoto mmoja alale chumba kimoja naye, wapeane joto.

Muda wangu unakwisha, mtangazaji wa taarifa ya habari ameshafika mlangoni. Sitaki kukuachia maneno mengine. Nataka uinuke ulipoketi, sasa hivi, redio iendelee kulia. Nenda ukaangalie jiko lililopikia chakula cha jioni liko wapi. Kama liko ndani, lishike kwa kitambaa, litoe. Kisha pita chumba cha mama, au cha babu, ufungue mlango, uangalie na pembeni mwa kitanda.

Nenda. Mimi nitanyamaza kidogo, mpaka urudi.